Jua Tunaliweza, Bei Je?

Shangazi yangu ana magunia ya namna mbili. Yapo yaliyoshonwa midomo kwa uzi mweupe, na yapo machache yaliyoshonwa kwa uzi mwekundu. Ya uzi mweupe huondoka siku yoyote: ada ya mtoto, msiba, dawa ya ng'ombe, deni la dukani. Ya uzi mwekundu hayaguswi mpaka Januari. Wajukuu wanalijua hilo, na hata madalali wanaopita kijijini kwa bodaboda mwezi wa sita wanajua kwamba kwa mama huyu uzi mwekundu hauna mjadala.

Yuko wilaya ya Kongwa, mkoa wa Dodoma. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia kwa Kigogo, "mbukwa", kama afanyavyo kila anapotaka kunikumbusha kwamba mji umeniharibu ulimi. Nilikwenda na daftari lenye maswali ya mabadiliko ya tabianchi: mvua zimebadilikaje, anapanda mbegu gani, amehudhuria semina ngapi. Mawili aliyajibu kwa adabu, la tatu akalikata katikati.

"Mwanangu, jua tunaliweza," akasema. "Niulize bei."

Nimeandika habari za kilimo kwa miaka kadhaa, na nakiri kwamba mara nyingi nimeandika kama vile shamba linaishia kwenye suke. Mvua, mbegu, mavuno, kwisha. Kwa shangazi suke ni nusu ya safari. Nusu ya pili inaanzia kwenye mizani ya mtu mwingine.

Tuanze na hilo jua, maana nalo si dogo. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, Desemba mpaka Aprili hivi, na kwa mwaka wa kawaida hupata kati ya milimita 500 na 600. Kiasi hicho kingeivisha mtama bila taabu kama kingekuja kwa utaratibu. Hakiji hivyo. Inanyesha wiki moja ya neema, watu wanapanda, kisha mbingu zinafungwa kwa majuma matatu, hasa Februari. Mche uliotoka ukiwa na majani manne unajikunja kama karatasi karibu na moto. Mvua ikirudi, inarudi kwa hasira: usiku mmoja unashuka mzigo wa wiki mbili, maji yanakimbilia korongoni na kuondoka na udongo wa juu, ambao ndio wenye rutuba. Siku hizi joto nalo limeongezeka, kwa hiyo hata unyevu ulioingia ardhini unakauka upesi kuliko zamani.

Mwishoni mwa Oktoba Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu huo. Redio inasoma: mvua za wastani hadi chini ya wastani. Hapo kuna neno ambalo limewatesa wakulima wengi. Wastani ni hesabu ya kujumlisha na kugawanya, na mtama haunywi hesabu. Mwezi wenye mvua mbili kubwa na siku 26 kavu unaweza kabisa kuitwa wa wastani, na shamba likafa. Utabiri wenyewe, ukiusoma wote, hutaja pia lini mvua zitaanza na kukoma, mtawanyiko wake utakuwaje, na kama kuna dalili za vipindi virefu vya ukavu. Hayo ndiyo anayoyahitaji mtu mwenye jembe. Lakini mtangazaji ana dakika moja, na dakika hiyo inaliwa na neno wastani.

Kongwa inajua gharama ya kuipuuza mvua yake. Mwaka 1947 Waingereza walileta hapa mpango mkubwa wa karanga, wakitaka kulima mamilioni ya ekari za Tanganyika ili kupata mafuta ya kula baada ya vita. Walileta matrekta, wakageuza hata vifaru vya vita kuwa mashine za kung'oa visiki. Mibuyu iliwashinda. Udongo wa Kongwa, ambao kiangazi huwa mgumu kama tofali, ukakwangua majembe yao. Na mvua ikafanya kama inavyofanya siku zote. Mwaka 1951 mpango ulizikwa, na hasara ilizidi pauni milioni 30. Mgogo aliyekuwa akilima vipande vidogo vilivyotawanyika, kimoja kichangani, kingine kwenye mbuga ya udongo mweusi, ili mvua ikikosa huku ipate kule, hakuulizwa.

Nisije nikampamba Mgogo huyo kupita kiasi. Naye alipatwa na njaa. Ile ya mwaka 1917 mpaka 1920, ambayo Ugogo waliipa jina la Mtunya, iliua watu wengi mno. Mvua zilikuwa zimekosa, lakini kabla ya hapo majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza, ya Wajerumani na ya Waingereza, yalikuwa yamepita yakichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Huo ndio ufunguo wa jambo hili, naona mimi. Katika nyanda hizi ukame ukija peke yake watu hubana mkanda wakavuka. Wanaangushwa pale ukame unapokutana na mkono wa mtu ghalani.

Basi tuingie shambani, kwa sababu huko kuna kazi ya kustaajabisha. Mashariki mwa Dodoma, upande wa Ihumwa, kuna kijiji cha Chololo ambacho kimelipa jina shimo. Mkulima mmoja wa hapo alibuni mashimo ya kupandia ambayo leo wataalamu wanayaita kwa jina la kijiji chake. Kila shimo lina upana wa sentimita 22 na kina cha sentimita 30. Shimo hadi shimo sentimita 60, mstari hadi mstari sentimita 90. Ndani huwekwa samadi na mabaki ya mimea, na majivu ya kuwafukuza mchwa, kisha udongo kidogo unarudishwa bila kujaza, ili shimo libaki bakuli. Mvua ikinyesha, maji yaliyokuwa yakienda zake korongoni yanatulia humo, na mmea unapata akiba ya kuvukia lile pengo la Februari.

Linapendeza kulisimulia. Sasa piga hesabu. Kwa nafasi hizo, ekari moja inachukua karibu mashimo 7,500. Kila shimo linatoa lita 11 hivi za udongo, zaidi kidogo ya nusu debe. Kwa ekari nzima ni zaidi ya mita 80 za ujazo za udongo zilizoinuliwa kwa jembe la mkono, kiangazi, katika ardhi ile ile iliyoyashinda matrekta ya Waingereza. Tena anayeinua ni mwanamke wa miaka 60 na kitu, au mtoto wake wa mwisho, maana wakubwa wako mjini.

Shangazi amechimba robo ekari. Nilitembea kati ya mistari yake kama mashimo 1,900, nikiwa na hakika kwamba humo amepanda mtama, zao la ukame. Hapana. Alikuwa amepanda mahindi.

Afisa ugani angeshika kichwa. Kwa miaka mingi viongozi na wataalamu wamewahimiza watu wa Dodoma waachane na mahindi, walime mtama na uwele. Lakini msikilize mwenye shamba. Shimo ndilo lenye maji mengi kuliko mahali pengine popote kwake, na mahindi ndilo zao linalonunuliwa siku yoyote. Kwa hiyo maji mengi anayapeleka kwenye zao lenye soko, na zao linalovumilia analiacha kwenye ardhi tambarare, livumilie. Mtama wake wa Macia, mfupi, mweupe, unaokomaa kwa kiasi cha siku 100 na kitu, uko ekari mbili upande wa pili wa njia. Sijawahi kuona mpango wa taasisi yoyote uliopangwa vizuri kuliko shamba hili la mtu asiye na kalamu.

Kuna kilomita chache tu kutoka hapo hadi kwenye sababu ya mahindi. Kibaigwa, kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, ni soko la nafaka linalojulikana nchi nzima. Wakati wa mavuno malori hujipanga, vumbi la pumba hutanda hewani kama ukungu, wapagazi hupita na gunia begani wakipiga kelele ya njia. Mahindi yakifika hapo yana wateja wa Dar es Salaam, wa mikoa mingine, hata wa nje ya nchi. Mtama una wateja wachache zaidi: viwanda vya bia vinavyotaka mweupe, mashirika ya chakula ya kimataifa, na walaji wa mkoani wenyewe, ambao nao vijana wao wanapenda sembe. Wateja wakiwa wachache, mmoja akikosekana bei inaanguka. Ndiyo maana mtu anaweza kuvuna mtama mwingi kuliko miaka yote na akarudi nyumbani na hela pungufu.

Halafu kuna ndege. Mahindi yamefunikwa, mtama uko wazi kwenye suke kama sahani mezani. Kwelea kwelea mmoja hula kama gramu 10 kwa siku, kitu cha kuchekesha mpaka uwaone wanavyokuja. Kundi la ndege milioni moja, na makundi ya namna hiyo yapo, linakula tani 10 kati ya macheo na machweo. Serikali hupeleka ndege ya kunyunyizia sumu mazalia yao, inapoweza na inapowahi. Kabla haijafika, kuamia ni kazi ya watu: dungu linajengwa katikati ya shamba, mtoto anapanda na kombeo na debe bovu la kugonga, tangu alfajiri. Wiki tatu au nne za shule zinapotea juu ya dungu. Gharama hiyo haiandikwi popote anaposhauriwa mtu alime mtama.

Ukidhani dawa ni kutafuta zao jingine linalovumilia ukame, kaa na waliolima mbaazi. Mbaazi ni zao zuri. Mizizi yake inakwenda chini sana, majani yake yakidondoka yanarutubisha, na unaweza kuichanganya na mahindi. Soko lake kubwa ni India. Agosti 2017 Serikali ya India iliweka ukomo wa mbaazi zinazoingizwa nchini humo, tani 200,000 kwa mwaka wa fedha, ili kuwalinda wakulima wake. Hapa kwetu bei ikaporomoka kiasi kwamba wengine waliziacha shambani, kuvuna kungewagharimu zaidi. Mvua ilikuwa imefanya kazi yake, mkulima amefanya yake, na zao limefanya lake. Mwaka 2021 India ilifungua tena mlango. Kati ya miaka hiyo miwili wapo walioapa kutopanda mbaazi tena, na mashamba yao yakakosa zao lililokuwa likilinda ardhi.

Mwaka 2023 ikawa zamu ya alizeti. Bei nzuri ya misimu iliyotangulia ilikuwa imewavuta watu wa Dodoma na Singida kupanua mashamba, kisha wakakuta bei iko chini, wakawa wanalalamikia mafuta ya kula yanayotoka nje. Shangazi alikuwa na ekari moja. Alizikamua mbegu mwenyewe kwenye mashine ya kijiji jirani, akauza mafuta kwa chupa, mashudu akawapa ng'ombe. Hakupata faida, ila hakupoteza. Mwenzake aliyekopa ili alime ekari sita aliuza ng'ombe wawili.

Ni hapa ninapokosana na lugha ya semina. Utasikia "wakulima wabadilike". Wamebadilika mpaka wamechoka. Walikuwa wakiberega, yaani kukwangua tu uso wa ardhi, kuchoma majani na kupanda bila kutifua. Leo wengi wanatifua kwa jembe la kukokotwa na ng'ombe linalochana mstari tu, ili maji yazame. Wanachimba makinga maji ya nusu mwezi kwenye malisho yaliyochakaa. Wanatunza visiki: badala ya kupanda mche utakaokufa Septemba, unachagua machipukizi mawili matatu yenye nguvu kwenye kisiki kilichokatwa zamani, unapogolea mengine, unaweka alama na kulinda, na kwa kuwa mizizi iko chini tayari, mti unapanda upesi. Kazi hiyo ilianza kupata jina Niger miaka ya 1980, Dodoma inaitwa kisiki hai, na ukipita Mpwapwa au Kongwa utaona mashamba yenye miti ambayo miaka michache iliyopita yalikuwa uwanja. Matumbulu na Hombolo wapo wanaolima zabibu, ambazo Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa mwenye maji na mtaji. Vijana, nao, wamebadilika kwa namna yao: tangu Serikali ilipohamia Dodoma, jembe la wengi limekuwa mwiko wa fundi, na mawe ya majengo ya Mji wa Serikali, Mtumba, yamebebwa na mikono iliyozaliwa mashambani.

Swali, kwa hiyo, si kama mkulima anabadilika. Ni kama mabadiliko hayo yanamwachia senti mkononi. Na hapo mambo mawili madogo yanaamua kuliko mbegu yoyote.

La kwanza ni lini anauza. Juni kila mtu ana mazao na kila mtu ana deni, dalali anakuja na lumbesa, gunia lililopachikwa kichwa mpaka linabeba zaidi ya kipimo, na bei anaitaja yeye. Februari nafaka ile ile inarudi dukani kijijini kwa bei nyingine kabisa, na anayeinunua mara nyingi ni yule yule aliyeiuza. Serikali imekuwa ikipanua mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanzia hasa kwenye korosho, ukaingia kwenye ufuta, mbaazi na mengine. Unasaidia pale mnada unapokuja na wanunuzi wengi. Kwa mtu mwenye magunia sita na mtoto aliyefukuzwa shule kwa ada, kusubiri malipo ni anasa. Ghala lake la kweli ni chumba anacholala.

Chumba hicho kina adui wake. Dumuzi, yule mdudu mweusi anayeigeuza punje ya mahindi kuwa unga, hakuwa wa Afrika. Alitoka Amerika ya Kati, akaonekana kwa mara ya kwanza barani huku Tabora, kwenye mwanzo wa miaka ya 1980, na wakulima wakamwita Scania, kama yale malori. Kwa miaka mingi Scania ndiye aliyewalazimisha watu kuuza Juni: bora bei mbaya kuliko gunia la vumbi. Kilichobadilisha mambo ni mfuko. Mifuko ya tabaka tatu, ile inayoitwa kinga njaa, inazuia hewa, mdudu anakufa kwa kukosa pumzi, hakuna dawa inayotiwa. Bei yake ni kubwa kuliko ya gunia la kawaida, na panya akiutoboa umekwisha, lakini mfuko huu umempa mkulima kitu ambacho hakuwahi kupewa na mbegu bora: uwezo wa kumwambia dalali arudi baadaye.

La pili nililielewa jioni ile, tukiwa tumekula ugali wa uwele na mlenda, nikimuuliza kwa nini Januari, kwa nini si Machi, wakati bei iko juu zaidi. Alinitazama kama mtu anayemsikitikia mtoto wa kaka yake.

Desemba mvua ya kwanza ikianguka, alisema, tazama nani anakwenda wapi. Asiye na chakula ndani anabeba jembe kwenda kwa jirani, kibarua, apate cha kula jioni. Analima shamba la watu wiki ya kwanza, na ya pili. Anaporudi kwake unyevu umeondoka, majani yamewahi, na gugu la kiduha limeshika mizizi ya mtama. Mvua ni ile ile kwa wote wawili. Kilichowatofautisha ni kilichokuwa chini ya kitanda.

Magunia ya uzi mwekundu, kumbe, yalikuwa ya mambo mawili. Januari mojawapo hufunguliwa na kuliwa, ili watu wa nyumba hiyo wapalilie shamba lao na si la mwingine. Yaliyobaki ndiyo yanayopelekwa Kibaigwa, bei ikiwa imepanda, na hela yake hununua mbegu ya kurudishia mashimo ambayo yamekosa. Mwaka ambao mambo yote yamekwenda mrama huuza mbuzi kwanza, na mbuzi anao saba. Akaniambia kwamba mwaka mmoja, baada ya mume wake kufariki, alikata uzi mwekundu mwezi wa nane. Msimu uliofuata alilima ekari moja badala ya tatu, na ilimchukua miaka miwili kurudi alipokuwa.

Asubuhi kabla sijaondoka alikuwa anashona. Mavuno ya msimu huu yalikuwa yameshapetwa na kuanikwa, magunia yamesimama ukutani, mengi ya mtama, machache ya mahindi. Mdomo wa gunia moja ulikuwa umefungwa tayari. Alilisukuma kwa goti, akashika sindano ndefu ya magunia, akaangalia nyuzi mbili zilizokuwa mapajani mwake, nyeupe na nyekundu, akaangalia tena magunia akiyahesabu kwa midomo bila sauti. Dalali alikuwa amesimamisha pikipiki nje ya ua, injini ikiunguruma.

"Mwambie aizime kwanza," akaniambia. "Bado sijamaliza kuhesabu."